Soka la Gitega na Muyinga: Nani Analipia Msimu wa Ubingwa

Msimu wa 2021/22 Flambeau du Centre, klabu ya Gitega, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Burundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Jina lake maana yake ni Mwenge wa Katikati, na Gitega iko katikati ya nchi kweli. Miaka miwili kabla ya hapo klabu nyingine inayohusishwa na mji huo, Musongati FC, ilikuwa imebeba kombe la taifa. Muyinga, upande wa kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, ilikuwa imeonja utamu huo mapema zaidi: Olympique Star ilitwaa kombe la taifa mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikashiriki Kombe la Shirikisho la CAF.

Mafanikio hayo ni sehemu ya mabadiliko makubwa zaidi. Kwa miongo mingi soka la Burundi lilikuwa mali ya Bujumbura, na Vital'O ndiyo iliyokuwa jina lake. Klabu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, na mwaka 2013 ikatwaa Kombe la Kagame. Kisha mizani ikahama. Le Messager ya Ngozi ilikuwa bingwa mwaka 2018, Aigle Noir ya Makamba mwaka 2019, Le Messager tena mwaka 2020 na 2021, Flambeau du Centre mwaka 2022 na Bumamuru ya Cibitoke mwaka 2023. Bujumbura ilisubiri hadi mwaka 2024 ndipo Vital'O iliporudisha kombe nyumbani. Miaka sita mfululizo ya ubingwa kwenda mikoani ni jambo kubwa katika nchi ambayo karibu biashara yote ya maana hupitia jiji hilo moja la ziwani.

Fedha zilizoleta zamu hiyo hazikutokana na mauzo ya tiketi. Zilitokana na wafadhili. Katika uongozi wa Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa mwalimu wa michezo kabla ya siasa, viwanja vilijengwa katika mikoa mingi, na wakubwa wa serikali waliona fahari kuwa na timu nyumbani kwao. Mfano ulio wazi ni Révérien Ndikuriyo, aliyewahi kuwa Spika wa Seneti na pia rais wa Shirikisho la Soka la Burundi (FFB), ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na Aigle Noir ya Makamba. Mfadhili wa namna hiyo hulipa kambi, hununua jezi, huongeza posho timu inaposhinda, na simu yake moja hufungua milango ambayo katibu wa klabu angeibisha mwezi mzima. Udhaifu wake unajulikana na kila mwenye klabu: mfadhili akihamishiwa cheo kingine, akichoka au akifariki, timu hubaki na madeni ya usajili na wachezaji wasiolipwa. Klabu iliyojengwa juu ya mtu mmoja huwa na mizania inayosomeka vizuri kwa muda ule tu mtu huyo anapokuwapo.

Mdhamini mkubwa wa soka la Burundi ni bia. Ligi kuu huitwa Primus Ligue, kwa jina la bia ya Brarudi, kampuni ambayo Heineken ina hisa nyingi na Serikali ya Burundi ina asilimia zaidi kidogo ya 40. Bia hiyo hutengenezwa Bujumbura na Gitega penyewe, kwa hiyo mji wa bingwa wa 2022 ni pia mji wa kiwanda cha mdhamini wa ligi. Lakini mdhamini huyu naye ana shida zake. Kimea na vipuri hununuliwa kwa fedha za kigeni, na upungufu wa dola ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni umeonekana hadi kwenye makreti: kuna wiki ambazo Primus huadimika baani. Mdhamini asiye na bidhaa ya kutosha sokoni hana sababu kubwa ya kuongeza bajeti ya matangazo, na ligi inayoegemea nguzo moja huyumba pamoja na nguzo hiyo.

Mapato ya mlangoni huonekana vizuri siku ya mechi kwenye uwanja wa mkoani. Saa mbili kabla ya mpira kuanza, wauza mayai ya kuchemsha na karanga wameshajipanga na mabeseni yao nje ya ukuta, na moshi wa mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma umeshatanda. Baiskeli hulazwa pembeni chini ya ulinzi wa kijana anayedai sarafu chache. Mlangoni, mtu mwenye kitabu cha tiketi huchana kipande na kupokea noti zilizochakaa, na noti hizo huingizwa katika mfuko mmoja ambao jioni huhesabiwa mezani. Kutoka humo hulipwa waamuzi, walinzi na wahudumu wa uwanja kabla klabu haijapata chake. Mwenye kufaidika zaidi na mechi ni mji: mwenye baa, mwenye nyumba ya kulala wageni, muuza mishikaki, dereva wa teksi. Klabu ndiyo inayowaita watu, lakini matumizi yao mengi huishia nje ya geti.

Televisheni, ambayo kwingineko ndiyo mhimili wa soka la kulipwa, haijawa hivyo Burundi. Ng'ambo ya mpaka, Shirikisho la Soka la Tanzania liliingia mkataba na Azam Media mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, mbali na udhamini wa benki ya NBC kwa jina la ligi. Fungu hilo hugawiwa klabu, na hata timu ya mwisho kwenye msimamo huwa na kiasi inachoweza kukipanga kabla ya msimu. Klabu ya Gitega au Muyinga haina fungu la uhakika kama hilo. Wapenzi wake wengi wanafuatilia Simba na Yanga kama wanavyofuatilia timu yao wenyewe, na macho hayo yana thamani ya kibiashara ambayo huishia Dar es Salaam.

Upande wa matumizi, safari ndiyo inayouma. Hapa jiografia huamua mengi, na Gitega imebarikiwa. Toka Gitega, viwanja vingi vya ligi vinafikika asubuhi na timu ikarudi usiku bila kulipia malazi. Bujumbura ni kama kilomita 100 tu. Muyinga iko pembeni: kwenda Bujumbura kupitia Ngozi na Kayanza ni karibu kilomita 200, na kwenda Makamba ni kuvuka nchi. Timu ya Muyinga hulala ugenini mara nyingi zaidi, hula hotelini mara nyingi zaidi, na hufika uwanjani ikiwa na miguu mizito. Tofauti hiyo haionekani kwenye msimamo wa ligi, lakini kwenye daftari la mhasibu ipo kila wikendi.

Uhaba wa mafuta umezidisha mzigo huo. Tangu mwaka 2021 Burundi imepita vipindi virefu vya foleni za magari vituoni. Basi dogo la timu husubiri pamoja na malori na teksi, na kiongozi wa klabu hulazimika kuchagua: kuanza safari siku moja mapema, au kununua mafuta ya madumu kwa bei ya mtaani ambayo hakuna bajeti iliyoiandika. Kushuka kwa faranga kumeongeza kero. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya sarafu, dola ikatoka chini ya faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa kiwango rasmi, huku mitaani ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi. Viatu, mipira, dawa za misuli na tiketi za ndege, vyote hufuata bei ya mtaani.

Ndiyo maana ubingwa wenyewe huleta ankara mpya. Bingwa anaingia Ligi ya Mabingwa Afrika, na Flambeau du Centre ilipopata nafasi hiyo mwaka 2022 ilifika raundi ya pili, ikatolewa na Zamalek ya Misri. Wakati huo CAF ilikuwa hailipi chochote kwa klabu zilizotolewa kabla ya hatua ya makundi. Bingwa wa Burundi alijigharamia ndege na hoteli kwa dola akiwa na mapato ya faranga. Kuanzia msimu wa 2023/24 CAF ilianza kutoa dola 50,000 kwa kila klabu ya raundi za awali, na mwaka 2025 kiasi hicho kikapandishwa hadi dola 100,000. Nafuu hiyo ni ya kweli, na ilichelewa sana kwa klabu za nchi ndogo. Donge nono, hata hivyo, linaanzia kwenye makundi, ambako hata timu ya mwisho huondoka na dola 700,000.

Kuna pia suala la uwanja. Kanuni za CAF za leseni na za viwanja zinadai taa, vyumba, viti na huduma ambazo viwanja vya mikoani, Ingoma wa Gitega na Umuco wa Muyinga vikiwemo, vilijengwa bila kuzikusudia. Timu ya taifa yenyewe ilicheza mechi yake ya “nyumbani” dhidi ya Kameruni jijini Dar es Salaam Juni 2022. Agosti 2024 Vital'O iliikaribisha Yanga katika uwanja wa Azam, Dar es Salaam, mtaani kwa mgeni wake, ikafungwa 4-0. Mechi ya marudiano ikaisha 6-0. Mbali na aibu ya mabao, hesabu nayo inaumiza: klabu inayocheza nyumbani ugenini hupoteza mapato ya mlangoni ya mechi kubwa kuliko zote za mwaka, na wauza mishikaki wa mji wake hawaoni hata faranga.

Fedha inayoweza kugeuza soka hili kuwa biashara ya kweli ni ya kuuza wachezaji. Soko la kwanza liko karibu, Tanzania. Amissi Tambwe alitoka Vital'O akaenda Simba mwaka 2013, kisha Yanga. Laudit Mavugo akafuata njia hiyo hiyo ya Simba mwaka 2016. Saido Ntibazonkiza, aliyepitia Ulaya kabla ya kurudi ukanda huu, alimaliza msimu wa 2022/23 wa Tanzania akiwa kinara wa mabao pamoja na Fiston Mayele, kila mmoja na mabao 17. Youssouf Ndayishimiye aliondoka Aigle Noir mwaka 2020 kwenda Uturuki, na Januari 2023 akauzwa Nice ya Ufaransa.

Kwa mchezaji kama huyo, klabu zilizomlea zina haki ya sehemu kila anapouzwa nje kwa ada. Kanuni ya FIFA inatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu alizopitia: asilimia 0.25 kwa kila msimu kati ya umri wa miaka 12 na 15, na asilimia 0.5 kwa kila msimu kati ya miaka 16 na 23. Kijana aliyekaa Gitega misimu minne kuanzia miaka 16, akiuzwa baadaye kwa dola 200,000, huiletea klabu hiyo dola 4,000, yaani zaidi ya faranga milioni 11 kwa kiwango rasmi cha mwaka 2024 cha takriban 2,900. Akiuzwa tena, klabu hulipwa tena.

Haki hiyo hupotea kwa sababu mbili, na zote zinarekebishika. Ya kwanza ni mikataba mifupi. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huondoka bure, na pasipo ada hakuna cha kugawana. Hubaki fidia ya mafunzo tu, yenye masharti yake. Ya pili ni karatasi. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo hutazama kumbukumbu za usajili za mchezaji tangu utotoni. Kijana aliyecheza misimu mitatu Muyinga bila kusajiliwa FFB, au aliyesajiliwa kwa tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na ya pasipoti yake, kwa mfumo huo hakuwahi kucheza Muyinga. Klabu inayotaka kuishi kwa kulea vipaji inahitaji karani makini kama inavyohitaji kocha.

Katika biashara hii Muyinga ina faida ambayo Gitega haina. Mpaka wa Kobero na Kabanga uko jirani, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo mchana na usiku. Kiswahili husikika sokoni, kwenye maduka na misikitini, na kijana wa Muyinga anayevuka kwenda kucheza Kagera au Geita haendi ugenini kwa lugha. Wafanyabiashara wa kahawa na wa usafirishaji ndio wafadhili wa asili wa timu ya mji kama huo, kwa kuwa mtaji wao hauendi na cheo.

Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameigusa miji hii miwili kwa namna tofauti. Mikoa 18 imekuwa mitano. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, umebaki makao ya mkoa, na mkoa wake sasa umeimeza mikoa ya Karuzi, Muramvya na Mwaro, pamoja na watazamaji na vipaji vyake. Muyinga imekuwa wilaya katika mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Ofisi ya gavana, ambayo mara nyingi ndiyo iliyoitisha harambee za timu, haiko tena mjini.