Hurlingham: Usalama Unaoishia Getini

Kiwango cha uhalifu, kwa maana yake ya kitaalamu, ni idadi ya makosa yaliyoripotiwa polisi katika mwaka mmoja ikilinganishwa na idadi ya wakazi, na aghalabu hutolewa kwa kila watu 100,000. Hesabu hiyo huifaa nchi nzima, au hata mtaa kama Buruburu ambako wengi wanaoonekana mchana ndio wanaolala humo usiku. Lakini Hurlingham, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, huipotosha tangu mwanzo. Barabara ya Argwings Kodhek hujaa wagonjwa na jamaa zao, wafanyakazi wa ofisi, wateja wa Yaya Centre, wachuuzi na wanabodaboda, ambao wengi wao hawana kitanda mtaani humo. Akiporwa mmoja wao, kosa huandikiwa Hurlingham, ilhali yeye mwenyewe sensa ilimhesabu Kawangware au Rongai.

Hali hiyo ina asili yake. Hurlingham ulikuwa miongoni mwa mitaa ya magharibi iliyokaliwa na Wazungu enzi za ukoloni, yenye nyumba moja katika kiwanja kikubwa na vyumba vya watumishi nyuma, vile ambavyo wakazi wa Nairobi huviita SQ hadi leo. Na usalama wa wakati huo ulitegemea zaidi kudhibiti ni Mwafrika gani apite wapi, kwa kipande, yaani hati ya utambulisho aliyotakiwa kuivaa shingoni, kuliko urefu wa ukuta. Barabara kuu ilibadilishwa jina kwa heshima ya waziri C. M. G. Argwings-Kodhek, aliyefariki Januari 1969 katika tukio ambalo taarifa rasmi iliita ajali ya gari katika barabara hiyohiyo. Nyumba nyingi za zamani zimebomolewa kupisha maghorofa, na nyingine zimegeuzwa ofisi na kliniki.

Takwimu nazo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tukio likifikishwa kituoni huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukijua kama OB, na mlalamishi hupewa nambari; kutokana na taarifa za vituo hupatikana jumla za mwaka, zilizoonyesha makosa 88,083 nchini kote mwaka 2022 na 104,842 mwaka 2023. Ongezeko hilo la asilimia 19 laweza kumaanisha kwamba wezi wamezidi, na laweza pia kumaanisha kwamba walioibiwa wamezidi kwenda kituoni. Katika wizi wa simu, kinachompeleka mtu huko mara nyingi si tumaini la kuipata bali haja ya abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba mali imeripotiwa, ambayo kampuni ya bima huidai. Asiye na bima huiona safari hiyo kuwa hasara juu ya hasara. Kwa sababu hiyo watafiti hupenda uchunguzi wa waathiriwa, ambao huwauliza wakazi wenyewe yaliyowapata badala ya kutegemea mafaili. Uchunguzi wa UN-Habitat uliochapishwa mwaka 2002 uliripoti kwamba asilimia 37 ya wakazi wa Nairobi walikuwa wameporwa angalau mara moja katika mwaka mmoja.

Mwaka 1979 wanasosholojia wa Marekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba kosa hutokea mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na kwa saa moja: mtu aliye tayari kulitenda, windo linalomfaa, na kutokuwapo kwa mlinzi, awe askari au mtu yeyote ambaye macho yake humzuia mkosaji. Ndani ya kuta za Hurlingham mlinzi yupo. Mgeni husimamishwa getini, soja humdai kitambulisho, kisha humsukumia daftari lenye safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu, nyumba anayokwenda na saa ya kuingia. Daftari hilo, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, humwonyesha kila mgeni nambari za simu za waliomtangulia, jambo lisilopatana hata kidogo na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na soja hana njia ya kuhakiki lolote lililoandikwa humo.

Nje ya geti mambo hubadilika. Ukuta unaomkinga mkazi humnyima pia nafasi ya kuiona barabara, hivi kwamba anayetembea akizungumza kwa simu kati ya kuta mbili hana dirisha linalomtazama wala mlango wa kukimbilia, na mporaji aliyepakiwa nyuma ya pikipiki huhitaji sekunde chache tu. Wanaozilinda kweli barabara hizo ni mama mboga, muuza mahindi ya kuchoma na wanabodaboda wa steji, wanaozijua sura za kila siku. Na ajabu ni kwamba wachuuzi ndio hufukuzwa kwanza jiji linapoamua kusafisha barabara. Soja mwenyewe, ambaye kima cha chini cha mshahara wa zamu ya usiku Nairobi kiliwekwa mwaka 2022 kuwa takriban shilingi 16,959 bila posho ya nyumba, hutoka kazini alfajiri akawa mpita njia kama wengine. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana na kulindana, uliohimizwa na serikali baada ya shambulio la kigaidi la Westgate la Septemba 2013 kwa kufuata mfano wa Tanzania, haukuwa na mizizi katika maghorofa ambayo wapangaji huhama kabla ya kujuana.

Liko pia kosa ambalo ukuta hauligusi kabisa. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhulumiwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na katika ndoa mtenda huwa ni yule ambaye soja humfungulia geti bila kumdai kitambulisho. Hurlingham ndiko iliko Nairobi Women's Hospital, ambayo tangu mwaka 2001 ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Anayefika huko hutibiwa kwanza. Lakini akitaka kesi, lazima apate fomu ya P3, ambayo daktari huandikia majeraha kwa ajili ya mahakama, na fomu hiyo hutolewa na polisi baada ya tukio kuingizwa katika OB.