Kufuatilia Matangazo ya Nje: Ni Kusikiliza, Kunasa au Kupeleleza?

Utangulizi

Miongoni mwa dhana ambazo hazijapata istilahi thabiti katika Kiswahili ni ile ya ofisi iliyowekwa na serikali, mara nyingi katika nchi ya kigeni, kwa ajili ya kusikiliza habari zinazotangazwa na redio za nchi nyingine, kuzinukuu, kuzifasiri na kuzipeleka makao makuu. Kazi hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi matangazo ya Dar es Salaam, Zanzibar, Kampala na Nairobi yalisikilizwa kwa namna hiyo, na mengi ya yaliyotamkwa hewani yangali yanasomeka hadi leo. Ila yanasomeka kwa Kiingereza.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi yenyewe ilivyo, kupima maneno yanayogombea nafasi ya kuitaja, na kuonyesha hatari inayomkabili mtumiaji wa Kiswahili anaporudishiwa maneno yake kutoka katika lugha ya mwingine.

Kazi yenyewe

Waingereza waliianza kazi hii kwa utaratibu maalumu mwaka 1939, vita vilipozuka, katika jumba la Wood Norton karibu na Evesham. Mwaka 1943 shughuli zilihamishiwa Caversham Park, karibu na mji wa Reading, na zikabaki huko hadi mwaka 2018. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumishi wa BBC, ambayo si idara ya serikali. Lakini kitengo hicho kiligharamiwa na serikali hadi mwaka 2013. Marekani nayo ilianzisha idara yake mwaka 1941, na mwaka 1947 idara hiyo ikawekwa chini ya shirika la ujasusi la CIA. Pande hizo mbili ziligawana dunia: huyu alisikiliza huku, yule kule, kisha wakabadilishana waliyoyapata. Kwa upande wetu wa dunia, BBC ilikuwa na kituo chake cha kusikiliza katika eneo la Karen, Nairobi.

Mfanyakazi wa kituo cha namna hiyo alikaa mbele ya kipokezi, amevaa visikizi masikioni, huku kinasa sauti kikizunguka. Alisikiliza taarifa nzima mara ya kwanza na kuandika vichwa vya habari. Jambo la haraka lilipotokea alilipeleka papo hapo kwa mhariri. Mengine aliyarudia katika utepe, akanukuu na kufasiri. Pale ambapo mkwaruzo ulimeza maneno, hakuruhusiwa kubuni. Aliandika kwamba maneno hayakusikika bayana. Mhariri alichagua yapi yatolewe kwa ukamilifu na yapi kwa muhtasari.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika tarehe 28 Oktoba 1962, redio ya Moscow iliposoma barua ya Khrushchev kwa Kennedy juu ya kuondolewa kwa makombora Kuba. Barua ile ilinukuliwa hewani, nayo ikajulikana mapema kuliko ambavyo njia za kibalozi zingeweza kuifikisha. Mwaka 1945 Ernst Gombrich, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa msikilizaji wa redio ya Ujerumani kwa niaba ya BBC, alisikia muziki wa huzuni wa Bruckner ukitangulia tangazo zito. Akakisia kwamba Hitler amekufa. Akaandika katika vipande vya karatasi maneno yaliyoelekea kutamkwa, ili tangazo likija aoneshe kidole tu na habari ipigwe simu. Kisa hiki kinatufundisha jambo la lugha: anayesikia kwa shida husikia kwa msaada wa maneno anayoyatarajia. Asiyeijua lugha vilivyo hutarajia maneno yasiyo yake.

Maneno tuliyoyakuta Mara

Tulichagua kukusanya maneno ya wasikilizaji wa redio katika Musoma, Bunda na Butiama kwa sababu mkoa wa Mara uko mahali mawimbi yanapokutana. Kenya iko jirani kwa nchi kavu, Uganda iko ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka mingi msikilizaji wa huko aliweza kulinganisha Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa kuzungusha kitufe kimoja, akaongeza idhaa za Kiswahili za ng'ambo: BBC tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, na redio ya Ujerumani tangu 1963. Wasikilizaji wa namna hiyo walikuwa wafuatiliaji wa matangazo kabla hatujawatafutia jina.

Mjini Musoma neno tulilolisikia zaidi ni kushika: redio inashika au haishiki. Anayetafuta stesheni huikamata. Bunda, mji ulio katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, wazee walituambia kwamba walinasa habari. Tulipowauliza kama kazi ya ofisi tuliyoieleza ingefaa kuitwa upelelezi, wengi walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba redio husema hadharani; anayelisikiliza neno la hadharani hakulichungulia dirishani. Butiama tulipata maoni tofauti kidogo: huenda anayesikiliza hana siri ya kuiba, lakini huenda anayo siri ya kutunza, yaani sababu inayomfanya asikilize.

Tuyapime basi maneno hayo. Kudukiza ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wasiokusudia kusikika. Hakufai, kwa kuwa matangazo yanakusudiwa kusikika. Kupeleleza kunataja nia ya atumaye na si kazi ya asikilizaye. Kunasa kuna mvuto wa mtego na ndege, lakini tayari kumekwisha kuajiriwa katika kinasa sauti. Tukikutumia hapa hatutajua kama habari imesikika tu au imehifadhiwa katika utepe. Kusikiliza peke yake hakutoshi, maana hata aliye jikoni husikiliza redio. Tunaona kufuatilia ndiko kunakobeba mambo matatu yanayotakiwa: mwendelezo, utaratibu na kumbukumbu. Kwa hiyo tunapendekeza ufuatiliaji wa matangazo kwa kazi yenyewe, na mfuatiliaji wa matangazo kwa mtendaji. Neno ufuatiliaji likisimama peke yake ni pana mno, kwani ofisi zetu hulitumia kwa miradi na bajeti. Sharti liandamane na nomino yake.

Hatari ya tafsiri inayorudi

Mtafiti anayetaka kujua redio zetu zilisema nini katika jambo fulani mara nyingi hukosa sauti yenyewe, lakini huipata taarifa ya Kiingereza iliyochapwa siku chache baada ya tukio. Huifasiri kwa Kiswahili, huweka alama za mtajo, na kuandika kwamba fulani alisema hivi. Maneno hayo huwa yamevuka mto mara mbili.

Tuchukue mfano wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Neno la Kiingereza lililolifasiri Azimio ndilo lililotumika pia kwa hati ya Umoja wa Mataifa ambayo kwa Kiswahili iliitwa Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu. Na katika mikutano ya siku hizi neno hilo hilo hufasiriwa tamko. Mtu asiyeijua historia angeweza kuanza na Azimio akaishia na Taarifa au Tamko la Arusha. Lakini aliyeazimia amejifunga kutenda, na aliyetoa taarifa amearifu tu.

Mfano wa pili ni siasa. Mwaka 1972 mjini Iringa Chama kilitoa kauli ya Siasa ni Kilimo. Kiingereza kina neno moja kwa mambo ya kugombea na kushika madaraka, na jingine kwa mwongozo wa serikali katika jambo fulani. Kiswahili cha wakati ule kilisema siasa kwa yote mawili. Mfuatiliaji wa matangazo alilazimika kuchagua, na vyovyote alivyochagua, nusu ya kauli ilibaki Iringa.

Ndugu nalo lilikuwa neno la heshima kwa kila raia, kuanzia kiongozi hadi mkulima. Likifasiriwa kwa neno la wakomunisti, msomaji wa ng'ambo hushtuka. Likifasiriwa kwa neno la ukoo, hudhani watu wote wamezaliwa nyumba moja. Hata mzaliwa wa Butiama aliyeliongoza taifa alituonyesha jinsi neno moja linavyobeba hukumu. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, aliita tafsiri yake iliyotoka mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitoka kwa Wahindi likimaanisha mfanyabiashara, lakini miaka miwili baada ya Azimio hakuna aliyelisikia kwa maana hiyo peke yake.

Mwaka wa vita

Kwa watu wa kanda ya ziwa jambo hili halikuwa la vitabuni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba utawala wake ukatangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kabla ya hapo Kampala ilikuwa imedai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Msikilizaji wa Musoma aliyesikia madai hayo, kisha akairudia Radio Tanzania Dar es Salaam, alipaswa kuamua mwenyewe nani anasema kweli. Wazee walitueleza kwamba hawakuamua kwa habari moja. Walisubiri saa iliyofuata, wakalinganisha. Huo ndio ufuatiliaji tunaouzungumzia.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa. Hotuba ile inakumbukwa kwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia. La tatu ndilo gumu kwa mfasiri. Katika sheria, nia ni kusudio lililo moyoni mwa mtenda kosa. Katika ibada, nia hutangulia tendo na kulipa thamani. Katika hotuba ile, nia ilikuwa azma isiyorudi nyuma. Mfasiri akichagua neno la wanasheria, na mtafiti wa leo akalirudisha kwa Kiswahili, atapata kusudio: neno la mtu anayefikiria kwenda, si la mtu aliyekwisha kufunga mkanda. Bahati njema sauti ya hotuba hiyo ipo, na Watanzania wengi wanaijua kwa moyo. Lakini taarifa ngapi za saa mbili usiku za mwaka ule hazina mtu anayezikumbuka?

Vivyo hivyo kwa neno nduli, lililotumika kumtaja Amin wakati huo. Anayefasiri katili amepata maana ya kamusi, lakini amekosa chuki ya nchi nzima iliyokuwa imelijaza. Neno hilo likirudi kama katili, vita hivyo vinapungua ukali katika vitabu vyetu wenyewe.

Mambo haya hayakuisha na masafa mafupi. Mwezi Machi 2008 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Butiama kujadili muafaka wa Zanzibar. Mwaka huo huo Kenya iliunda serikali ambayo wananchi waliiita ya mseto, na wenye mzaha wakaiita ya nusu mkate. Muafaka, mseto na umoja wa kitaifa si kitu kimoja, na mwenye kuzifasiri zote kwa neno moja amewanyima wasomaji wake mjadala mzima.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo, pamoja na ufuatiliaji wa matangazo tulioutaja:

(a) Nukuu kamili: maandishi ya yote yaliyotamkwa, neno kwa neno, kwa lugha ya mtangazaji.

(b) Muhtasari wa matangazo: maelezo mafupi ya mfuatiliaji, kwa maneno yake.

(c) Pengo la sauti: mahali ambapo maneno hayakusikika bayana. Lioneshwe kila mara. Lisizibwe kwa kukisia.

(d) Tafsiri rejeshi: maneno ya Kiswahili yaliyopatikana kwa kufasiri upya maandishi ya lugha nyingine, ilhali asili yake ilikuwa Kiswahili.

Istilahi ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza. Tafsiri rejeshi isiwekwe katika alama za mtajo, na mwandishi amjulishe msomaji kwamba hayo si maneno ya msemaji. Aidha, vituo vya redio, vikubwa kwa vidogo, hadi vile vya kijamii kama Mazingira FM ya Bunda, viweke nukuu kamili za Kiswahili za taarifa zao muhimu. Wageni walitusikiliza kwa haja zao, wakatuachia hazina. Haki ya kuyatunza maneno hayo kama tulivyoyatamka ni yetu, na wajibu pia.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji, hasa watangazaji, wafasiri na walimu wa historia, watuletee maoni yao, wakitaja neno wanalolitumia, mahali linapotumika, na sababu ya kulipenda kuliko haya tuliyoyatoa.