Chapa za anga za juu: thamani iko kwenye nambari inayoaminika

Kwa mnunuzi ambaye bei ya mchoro wa turubai inamshinda, chapa ya idadi maalumu ndiyo mlango wa kuingilia soko la sanaa la Nairobi. Msanii hutoa nakala chache, huzitia nambari na sahihi, kisha hufunga toleo. Ndani ya soko hilo kuna tawi changa linalostahili kuangaliwa kwa makini: kazi zinazochota maudhui yake anga za juu.

Kenya haikosi cha kusimulia kuhusu anga. Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza duniani iliyotengewa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023.

Wasanii nao hawakukaa kitako. Mwaka 2017 Jacque Njeri alitoa MaaSci, mfululizo wa picha za kidijitali unaowapeleka Wamaasai, na mavazi na mapambo yao, kwenye sayari za mbali. Cyrus Kabiru huunda miwani yenye sura ya wakati ujao kutokana na vyuma na taka zilizookotwa mitaani, kisha hupigwa picha akiwa ameivaa, na picha hizo huuzwa zikiwa chapa za idadi maalumu.

Ujuzi wa kuchapa upo pia. Kuona, kituo cha wasanii katika Likoni Close, Kilimani, ndiko Dennis Muraguri alikojijengea jina kwa chapa za mbao zenye picha za matatu. Katika mojawapo ya mbinu za uchapaji wa mbao, msanii huchonga ubao, hupaka wino wa rangi moja kwa rola, huchapa karatasi zote, kisha huchonga tena ubao uleule kwa ajili ya rangi inayofuata. Kufikia rangi ya mwisho, ubao umekwisha kuliwa na patasi na hauwezi kurudia toleo lile. Chini ya picha, msanii huandika kwa penseli 7/25, yaani nakala ya saba kati ya 25, na upande wa kulia hutia sahihi.

Faili ya kompyuta haina kikomo hicho. Leo inaweza kuchapwa mara 25, mwakani mara 200, na jicho lisione tofauti. Hapo ndipo penye hatari kwa chapa za anga za juu, kwa kuwa nyingi huzaliwa kwenye kompyuta au kamera. Mnunuzi ananunua karatasi pamoja na ahadi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Toleo la nakala 25, kila moja Sh20,000, likiisha lote huingiza Sh500,000. Kamisheni ya jumba la sanaa ikiwa nusu, msanii hubaki na Sh250,000, na humo atoe gharama ya karatasi ya pamba na wino usiopauka. Akiongeza nakala kwa siri, atapata pesa za haraka lakini atakuwa amewapunja wale 25 waliomwamini.

Soko la pili, yaani la kazi zinazouzwa tena, nalo limeanza kukomaa. Circle Art, yenye jumba lake Lavington, iliendesha mnada wake wa kwanza mwaka 2013. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yalimpa msanii haki ya asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Haki hiyo haidaiki ikiwa hakuna anayejua nakala ipi iko kwa nani.

Somo lipo Marekani. Mwaka 1969 NASA ilimwalika Robert Rauschenberg kushuhudia Apollo 11 ikiruka, naye akatengeneza mfululizo wa litografia uitwao Stoned Moon katika karakana ya Gemini G.E.L., Los Angeles. Karakana hiyo iliweka kumbukumbu za kila toleo, na tangu 1981 hifadhi yake iko katika Jumba la Kitaifa la Sanaa, Washington. Anayeuza chapa hizo leo ana pa kuthibitishia.

Nairobi inaweza kufanya vivyo hivyo bila mtaji mkubwa. Kila jumba la sanaa liweke daftari la matoleo lililo wazi kwa wanunuzi, lenye ukubwa wa toleo, tarehe, aina ya karatasi na nakala anazojiwekea msanii. Mnunuzi naye adai cheti na risiti, aweke chapa ndani ya fremu yenye karatasi isiyo na asidi, na aiepushe na jua. Wasanii wa kazi hizi wameshafanya sehemu iliyo ngumu zaidi, ile ya kubuni. Wanaouza kazi zao wana deni la kuweka rekodi.