Pasheni Haichumwi kwa Jicho la Karafuu

Wanachama wetu wengi wana mpasheni unaotambaa uani au kandokando ya shamba, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa vizuri, kikapu cha pasheni husaidia kununua mafuta na sabuni. Lakini kikapu hicho kikiwa na matunda mabichi, mnunuzi hukamua mara moja tu, akakunja uso, na siku ya pili humpita muuzaji kama hamjui. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze namna tunda hili linavyoiva.

Sisi wakulima wa karafuu tumezoea kuwahi. Karafuu huchumwa ingali tumba; ua likisha kufunguka, thamani yake imepungua. Mkono huo uliozoea kuwahi ndio unaoharibu pasheni, kwani pasheni hutaka kungojwa.

Kwanza, ukubwa si dalili ya kuiva. Ua likisha kushika, tunda hukua upesi, na kwa muda wa wiki tatu hivi huwa limekwisha kufikia ukubwa wake. Mtu akilitazama hudhani liko tayari, kumbe kazi ya ndani bado: maji yajae, sukari iongezeke, ukali upungue, na harufu nzuri ije mwisho. Kwa pasheni ya manjano, ambayo ndiyo ipendayo joto la visiwani, kazi hiyo huchukua siku 60 au 70, pengine zaidi, tangu ua kuchanua. Pasheni ya zambarau hupenda baridi ya milimani, nayo kwa kawaida si kali kama hii yetu.

Pili, dalili ya kweli ni rangi na kuanguka. Ganda la kijani hugeuka manjano, kisha tunda hujiangusha lenyewe. Basi chini ya mpasheni pawe safi, na matunda yaokotwe kila asubuhi kabla ya jua kali. Tunda la kupelekwa mbali laweza kukatwa likiwa limeanza kugeuka rangi, maana huendelea kuiva nyumbani. Lakini lililokatwa likiwa kijani kitupu hunyauka tu, wala halifikii ladha yake. Tena tunda changa lina asili ya sumu, jamaa ya ile ya muhogo mchungu, ambayo hupungua kadiri tunda linavyoiva. Watoto wakatazwe kulila.

Tatu, makunyanzi si ubovu. Tunda lililoiva likikaa siku chache kivulini, ganda hupoteza maji likajikunja. Ndani huwa bado zima, na mara nyingi ukali wake umepungua. La kukataliwa ni lenye ukungu, lenye tundu, au linalonuka chachu.

Mwisho, yako matunda makubwa ya manjano ambayo ni mepesi mkononi. Hayo hayakukosa kuiva, yalikosa mbegu. Kila mbegu ina kifuko chake cha maji, na mbegu haipatikani bila ya chavua. Mpasheni wa manjano haukubali chavua yake wenyewe. Hutaka ya mpasheni mwingine wa mbegu mbali. Anayeichukua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa miti mikavu, naye huja adhuhuri, wakati maua yanapofunguka. Kwa hiyo mwenye mpasheni mmoja apande wa pili, usiwe kipande cha ule ule wa kwanza. Asipige dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Na gogo kavu liachwe ubavuni mwa shamba, nyuki apate nyumba.

Twawaomba wanachama wayajaribu haya msimu huu. Kwenye karafuu tuwahi, kwenye pasheni tungoje, na mnunuzi aliyeonja jana atarudi leo.