KONA, MILIMA NA WIKIENDI: BARABARA TAMU ZA PIKIPIKI UKITOKEA MKWAJUNI



Hapa Mkwajuni ikifika Jumamosi, kijana mwenye pikipiki ana mawili: atafute abiria au akae kijiweni. Ila wapo wachache wanaotaka jambo la tatu, kujaza tangi na kuendesha tu, kuona nchi. Ukiwauliza mnaenda wapi wanakujibu "popote". Na "popote" mara nyingi inaishia kwenye barabara kuu ya Tunduma, lori mbele, lori nyuma, macho yote kwenye tela la mwenzako. Mlima hujauona, hela ya mafuta imeisha.

Mimi nasema barabara tamu haipatikani kwa kubahatisha. Ina kanuni zake, na ukizijua unaweza kuipata hata ukiwa umekaa kafe mbele ya kompyuta. Twende taratibu.

BARABARA HUJIKUNJA PALE MLIMA ULIPOKATAA

Hakuna injinia anayeweka kona ili wewe ufurahi. Kona ni gharama. Anaweka kwa sababu mlima umemkatalia kupita moja kwa moja, inabidi apande kwa kuzunguka. Kwa hiyo ukitaka kona, tafuta mahali ambapo nchi ya juu inakutana na nchi ya chini kwa ghafla.

Sisi watu wa Songwe tumebahatika, tunaishi ndani ya mahali hapo hapo. Mkwajuni iko kwenye Bonde la Ufa, upande wa Ziwa Rukwa. Ziwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700. Na barabara ya Mbeya kwenda Chunya, inapovuka safu ya milima ya Mbeya, inapita mita 2,400. Hiyo tofauti yote lazima ipandwe kwa umbali mfupi, na ndiyo inayozaa kona.

Ukiwa kafe fungua Google Earth, sogeza mshale taratibu juu ya barabara, halafu tazama namba ya mwinuko kule chini ya skrini. Namba ikitulia, ni tambarare, barabara imenyooka, utasinzia. Namba ikiruka kutoka 1,000 kwenda 1,500 kwenye kipande kifupi, hapo pana utamu. Sasa geuza picha ulitazame bonde kwa ubavu, utaona ukingo wake umesimama kama ukuta. Kila barabara inayokata ukuta huo ni ya kuandika kwenye daftari.

HESABU MALORI KABLA YA KUHESABU KONA

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Kona peke yake haitoshi. Mlima Senjele una kona na mandhari, lakini uko kwenye barabara kuu ya TANZAM, njia ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Mteremko wa Iwambi kuja Mbalizi ni hivyo hivyo. Sehemu hizi zinajulikana kwa ajali, na sababu ni ya kawaida kabisa: lori lenye shehena likishuka kwa muda mrefu dereva akiwa amekanyaga breki, breki zinapata moto na kuacha kushika. Wewe na pikipiki yako ya 125 huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ina kona ngapi?" Swali ni "nani mwingine anaitumia?" Barabara yenye kona kumi na magari matano kwa saa ni bora mara mia kuliko yenye kona hamsini na foleni ya malori.

MZUNGUKO WANGU: MKWAJUNI HADI MKWAJUNI

Huu ndio ninaoupendekeza. Ni duara: Mkwajuni, Makongolosi, Chunya, Mbeya, Mbalizi, Galula, halafu unarudi Mkwajuni. Hesabu yake iko hivi. Mbalizi hadi Makongolosi kupitia kwetu ni kama kilomita 117. Makongolosi hadi Chunya ni 39. Chunya hadi Mbeya ni 72. Ongeza kipande cha Mbeya kwenda Mbalizi, jumla inafika kama 240. Pikipiki nzima ya 125 inakwenda karibu kilomita 40 kwa lita. Milima inakula zaidi, basi panga lita 7 au 8. Ni safari ya siku mbili, sio ya kukimbizana.

Jumamosi anza mapema kuelekea Makongolosi. Hapa ni vumbi, pori na wachimbaji. Uko kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, ule uliovuta watu kutoka kila kona miaka ya 1920 na 1930, na mpaka leo makarasha yanaunguruma. Ukifika Makongolosi unakanyaga lami, unapita Matundasi na kuingia Chunya. Kula hapo, pumzika, kagua cheni.

Baada ya Chunya ndipo raha yenyewe inapoanza. Barabara inaanza kupanda, miti inabadilika, joto linakuacha nyuma. Ukivuka Lwanjilo unaelekea kwenye msitu wa Kawetere, na huku juu kona zinafuatana moja baada ya nyingine. Kuna sehemu ya kusimama wanayoiita Mwisho wa Dunia, kilomita kama 20 kabla ya Mbeya mjini. Simama. Zima pikipiki. Mbele yako ardhi inakatika na tambarare ya Usangu inalala kule chini mpaka macho yanachoka. Mimi sijui sehemu nyingine ya karibu na kwetu unayoweza kuona bonde kwa namna hiyo.

Angalizo: huku juu ni baridi ya kweli, hasa Juni na Julai, na ukungu unashuka bila taarifa. Mtu wa Mkwajuni akitoka na tisheti atatetemeka mpaka ashindwe kubana klachi. Chukua koti zito na glavu. Ukungu ukizidi, kaa pembeni kabisa ya barabara, usubiri.

Usiku lala Mbeya, gesti za bei ya kawaida zipo. Usirudi usiku, nitaeleza sababu.

Jumapili kipande cha kwanza ni kifupi kuliko vyote na ni cha hatari kuliko vyote: Mbeya mpaka Mbalizi, kwenye barabara kuu. Pita asubuhi mapema, kaa kushoto, usishindane na mtu. Mbalizi unakunja kulia, unapita upande wa Utengule kwenye mashamba ya kahawa, halafu unashuka kwenda Mjele na Galula. Hapa unateremka ukingo wa Bonde la Ufa wewe mwenyewe, joto linapanda kadiri unavyoshuka, masikio yanaziba kidogo.

Galula usipite kama upepo. Pana misheni ya zamani ya Wakatoliki, na pana jambo ambalo vijana wengi wa kwetu hawalijui. Miamba ya eneo hili imetoa mifupa ya wanyama walioishi karibu miaka milioni 100 iliyopita, na baadhi yao wanasayansi wamewapa majina yenye Kiswahili ndani yake. Mwaka 2010 walimtangaza mamba mdogo wa ukubwa wa paka wakamwita Pakasuchus. Mwaka 2014 ikaja Rukwatitan, dinosaria mkubwa wa kula majani. Mwaka 2017 akaja Shingopana, jina linajieleza. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka, yaani mnyama wa Mtuka. Unapoendesha pembeni ya vile vilima vyekundu, unapita juu ya makaburi yao. Dunia nzima inasoma kuhusu Galula, sisi tunaijua kwa vumbi tu.

Na huo mto Songwe unaouona njiani ni wetu, unaingia Ziwa Rukwa. Usiuchanganye na Songwe ule wa mpakani na Malawi, ule unaingia Ziwa Nyasa. Jina moja, mito miwili.

ZA MBALI KIDOGO, KWA WENYE MUDA

Ukisikia watu wanataja "Hamsini na Saba", wanazungumzia barabara ya Chimala kupanda Matamba, ambayo imepewa jina hilo kwa kona zake 57. Ni ya vumbi, ni mkali, na juu yake unafika Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, maarufu kwa maua. Tatizo liko hapa: maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na huo ndio msimu wa mvua, barabara inakuwa sabuni. Ukitaka maua, panda gari lenye dereva mzoefu. Ukitaka kona kwa pikipiki, nenda kiangazi. Na kumbuka kufika Chimala kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 70 kwenye barabara ile ile ya malori.

Uyole kwenda Tukuyu ni lami yenye chai, migomba na mlima Rungwe, inafaa kwa anayeanza. Mlowo kwenda Kamsamba nayo inashuka ukingo wa bonde kwa upande wa Mbozi na Momba. Kwa wa Sumbawanga, ipo Ntendo kwenda Muze, inayoshuka kutoka uwanda wa Ufipa mpaka bondeni.

MAMBO YA KURUDI NYUMBANI MZIMA

Moja, kwenye mteremko tumia gia. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ile tabia ya kuzima injini na kuserereka ili kuokoa mafuta ni ya kifo: kazi yote inabaki kwa breki, na breki za ngoma zikipata moto hazishiki. Unaokoa mafuta ya jero, unapoteza mguu.

Mbili, punguza mwendo kabla ya kona, sio ndani ya kona. Macho yatazame unakotaka kwenda. Kaa upande wako hata kama huoni gari.

Tatu, changarawe. Usibane breki ya mbele ghafla. Barabara ikikunjamana kama bati, legeza mikono, pikipiki itacheza chini yako na itanyooka yenyewe.

Nne, usirudi jioni sana. Jua likizama ng'ombe na mbuzi wanarudi nyumbani, watu wanatembea barabarani, na taa za pikipiki zetu nyingi ni mshumaa.

Tano, helmeti kichwani, sio kwenye kioo. Leseni iwe na daraja la pikipiki. Mshikaki acha kabisa, kona hazipendi watu watatu.

Sita, kuna sehemu mtandao hakuna. Mwachie mtu nyumbani ratiba: napita wapi, nategemea kufika saa ngapi.

Wengi wetu pikipiki hizi ni za mkopo au za hesabu ya tajiri. Ukiivunja Jumapili, Jumatatu deni liko pale pale na kazi huna. Ndio maana nasisitiza mwendo wa taratibu. Kona haimsifu aliyepita haraka, na Mwisho wa Dunia haihami, utaikuta tu.

Aliyepita Galula mwezi huu atuandikie hapo chini hali ya barabara, hasa kwenye mteremko wa Mjele. Na kama kuna njia tamu nimeisahau, itaje na useme ni nani wengine wanaitumia.

Kazi kwenu wadau. Wikiendi njema.