Kijembe kwa bango: mzaha unavyomjibu mwenye tangazo

Ukifika mji wa Busia, katika eneo bunge la Matayos, rangi zitakwambia mpaka uko wapi. Upande wa Kenya vibanda vya kutuma pesa ni kijani ya Safaricom. Ukivuka kuingia Uganda, manjano ya MTN imeshika kuta. Ndivyo tangazo lifanyavyo kazi: hukaa mbele ya macho mpaka ulione kama sehemu ya mji, kama mwembe au msikiti. Ukishalizoea, huliulizi swali.

Sasa nani atauliza? Sisi wa pwani tuna njia yetu. Mwanamke wa Mombasa akitaka kumjibu jirani, hamtukani. Hununua leso yenye jina linalosema, akajifunga, akapita mlangoni pake polepole. Hicho ni kijembe, na mwenye kulengwa hujijua.

Wako watu duniani waliofanya hivyo hivyo kwa makampuni. Mwaka 1984 kundi la muziki la Negativland, la Marekani, liliipa kazi hiyo jina, likilitoa kwenye redio: jinsi mtu anavyoweza kuingilia mawimbi ya mwenzake yasisikike sawasawa. Hapa kinachoingiliwa ni ujumbe wa tangazo. Mtu huchukua picha, rangi na maneno ya kampuni yenyewe, akayageuza kidogo, yakasema lile ambalo kampuni isingependa lisemwe.

Mfano mzuri ni wa Australia. Kuanzia mwaka 1979, kundi la BUGA UP la mjini Sydney lilitembea usiku na makopo ya rangi ya kupuliza. Walifuta herufi na kuongeza nyingine mpaka bango la sigara likataja maradhi badala ya starehe. Baadhi yao walikuwa madaktari, na wako waliokamatwa. Hawakuwa na pesa za kununua bango lao, basi wakalitumia la mwenye pesa. Mwaka 1992 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matangazo ya tumbaku. Kenya nayo ina sheria yake ya kudhibiti tumbaku, ya mwaka 2007.

Jirani zetu wa Uganda walifanya lao Juni 2014. Vijana wawili waliolalamikia ukosefu wa kazi na ufisadi waliingiza nguruwe wawili katika Bunge la Kampala, wamepakwa manjano, rangi ya chama tawala cha NRM. Mwaka mmoja kabla, Mei 2013, wanaharakati wa Nairobi, akiwemo Boniface Mwangi, walimwaga damu na kuachia nguruwe nje ya Bunge kupinga wabunge kutaka mishahara zaidi. Hayo yalikuwa ya siasa, lakini ujanja ni ule ule: rangi ambayo chama kimeitumia miaka mingi kujitangaza ikageuzwa kwa mkebe mmoja wa rangi.

Mimi Muislamu siwezi kuyapita hayo bila kusema neno. Nguruwe na damu ni najisi kwetu, na kijembe kinachomfanya mpita njia akunje uso na kwenda zake kimepoteza msikilizaji. Kila mji una lugha yake ya mzaha.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko hilo: uongo. Disemba 3, 2004, miaka ishirini baada ya gesi ya sumu kuua maelfu ya watu Bhopal, India, mmoja wa kundi la Yes Men alihojiwa na BBC akijifanya msemaji wa kampuni ya Dow, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Union Carbide. Alisema kampuni itatoa fidia ya dola bilioni 12. Haikupita muda, Dow ikakanusha. Ni kweli aliiaibisha kampuni. Lakini fikiria mjane wa Bhopal aliyeamini, hata kwa saa moja. Dini yetu inatukataza kusema uongo hata kwa kuchekesha, na hapa hekima yake inaonekana: aliyelengwa ni tajiri, aliyeumia ni maskini.

Kipimo changu basi ni hiki. Kijembe kizuri hufunua kilichofichwa na tangazo. Hakiongezi uongo juu ya uongo.

Kazi ya kipimo hicho iko karibu. Mpakani pale, ambapo jina la bodaboda lilizaliwa, kijana hulala na pesa ya mafuta mfukoni na tangazo la kamari simuni. Tangazo humwonyesha aliyeshinda tu. Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo hayo kwa siku 30. Siku 30 ni chache.

Sishauri mtu aharibu bango la mwenziwe. Hilo ni kosa kisheria. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 33, inakupa uhuru wa kujieleza, na usimamizi wa matangazo ya barabarani imeukabidhi kaunti. Chora bango lako, la rangi zile zile za kuvutia, uandike hesabu ya aliyeshindwa: ameweka ngapi tangu Januari, amepata ngapi, watoto wamekula nini. Litundike dukani kwako, kisha nenda kaunti uulize nani aliruhusu lile la pili karibu na shule.