Maumivu ya koo darasani yasipuuzwe

Kuna maradhi ambayo tumezoea kuyahesabu kuwa ya wazee, na mojawapo ni kuvurugika kwa mapigo ya moyo. Kijana akilalamika kwamba moyo wamwenda mbio pasipo mpangilio, huambiwa kuwa ni mawazo, ni hofu ya mtihani ama ni mapenzi. Ningependa leo kuwatanabahisha walimu na wanafunzi kwamba dhana hiyo ina kasoro kubwa, hasa katika nchi zetu, na kwamba chanzo cha maradhi yenyewe aghalabu hupita mbele ya macho yetu darasani.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na kuishusha katika viwili vya chini, navyo huisukuma mapafuni na mwilini. Mapigo huongozwa na umeme hafifu unaoanzia katika chumba cha juu cha kulia. Katika ugonjwa ninaouzungumzia, ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, umeme huo huzuka ovyo kila upande, na vyumba vya juu, badala ya kujikaza, hubaki vikitetemeka tu. Damu isiyosukumwa hutuama, na iliyotuama huganda. Donge likichomoka na kupanda hadi ubongoni, mtu hupatwa na kiharusi. Wako wasiohisi lolote hadi siku hiyo.

Ukifungua vitabu vya Ulaya na Marekani kutafuta kinachomletea kijana ugonjwa huu, utakutana na unene wa kupindukia, shinikizo la damu, sigara, kukatika pumzi usingizini, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na nasaba. Utakutana pia na pombe. Mnamo mwaka 1978 daktari wa Marekani, Philip Ettinger, pamoja na wenzake waliwaeleza wagonjwa waliofika hospitalini na mapigo yaliyovurugika baada ya kulewa sana mwishoni mwa juma au wakati wa sherehe. Wakauita ugonjwa huo moyo wa sikukuu. Wanafunzi wa vyuo wanaoshindana kwa chupa siku ya kufunga muhula na wausikie.

Hayo yote ni kweli, na kwetu pia yapo. Lakini orodha hiyo haitutoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 15,000 katika nchi zaidi ya 40, ulionyesha kwamba huko Marekani ya Kaskazini ni wagonjwa wawili hivi katika kila mia waliokuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Barani Afrika walikuwa zaidi ya mmoja katika kila watano. Tena wagonjwa wa Afrika walikuwa na umri mdogo kwa miaka kumi hivi kuliko wenzao wa nchi tajiri.

Homa ya baridi yabisi huanzia kooni. Kijidudu kiitwacho streptokokasi humshambulia mtoto, aghalabu wa kati ya miaka 5 na 15, ambao ndio umri wa shule. Koo humuuma, akapoa. Wiki mbili au tatu baadaye askari wa mwili waliokuwa wakipigana na kijidudu hicho hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Goti huvimba, kesho ni kiwiko, kesho kutwa ni kifundo cha mguu. Maumivu hayo hupita, ila jeraha hubaki katika vali za moyo, ile milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma. Mlango wa upande wa kushoto ukisinyaa, damu hurundikana juu yake, na chumba hutanuka mwaka baada ya mwaka hata njia za umeme zikaharibika. Hapo ndipo mtetemeko huanza, na yule mtoto sasa ni mtu mzima, pengine mama mwenye mimba ambaye moyo wake umetwikwa mzigo wa damu nyingi zaidi.

Wanawake ndio wengi katika balaa hii. Katika jaribio la dawa lililotangazwa mwaka 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa namna hiyo, wanawake walikuwa saba hivi katika kila kumi. Jaribio hilo lilionyesha kwamba warfarini, dawa kongwe ya kuzuia damu isigande, iliokoa maisha ya wengi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Lakini warfarini humtaka mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Anayeishi mbali na maabara afanyeje?

Ndiyo maana nasema kinga ni kule kooni. Si kila koo linalouma lina kijidudu hiki. Mengi ni mafua tu. Lakini mtoto mwenye homa, koo jekundu na tezi zilizovimba shingoni, asiyekohoa wala kutoka kamasi, apelekwe zahanati. Sindano moja ya penisilini, au vidonge vya siku kumi vinavyomalizwa vyote, hutosha. Wapo wazazi ambao hukimbilia kumkata mtoto kimeo. Kisu hicho hakikiui kijidudu. Humwongezea mtoto hatari ya kuvuja damu.

Hata vali zikiwa zimeanza kuguswa, bado muda upo. Kaskazini mwa Uganda watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao dalili za awali ziligunduliwa kwa mashine. Miongoni mwa waliodungwa penisilini kila mwezi, waliozidiwa walikuwa 3. Katika kundi lisilodungwa, karibu sawa kwa idadi, walikuwa 33. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021.

Nimewahi kufundisha katika shule moja ya bweni ambako msichana wa kidato cha pili alikuwa akitweta kila apandapo ngazi. Aliitwa mvivu, akaadhibiwa kwa kuchelewa gwarideni. Alikuwa na kadi ya kliniki iliyomtaka adungwe kila baada ya wiki nne, nayo sheria ya shule iliruhusu kutoka nje mara moja tu kwa muhula. Hakuna aliyekuwa amekaa chini kuzilinganisha karatasi hizo mbili.

Walimu wakuu wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuzilinganisha leo. Na mwalimu wa biolojia anapowafundisha wanafunzi kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, awaambie wasihesabu tu, wasikilize pia mwendo wake. Mapigo yakidondoka bila utaratibu, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati, mwenye mkono huo aonwe na daktari wiki hiyo hiyo.